Usiku Uliozidi Saa 20

Januari iliyopita nilisafiri kutoka Nairobi hadi New York kwa ile ndege ya moja kwa moja ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018, na tangu nirudi Mombasa sijaacha kuuhesabu usiku wa safari ile. Jua lilituchwea Nairobi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, tukaruka saa sita usiku ikikaribia, na jua nililoliona tena lilikuwa la New York, likichomoza saa moja na dakika ishirini asubuhi kwa saa za huko. Saa yangu ya mkononi, ambayo sikuwa na moyo wa kuirekebisha, ilionyesha saa tisa na dakika ishirini alasiri. Majira ya baridi ya huko Marekani, Nairobi huitangulia New York kwa saa 8. Kiangazi huwa 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele kila Machi, desturi ambayo sisi wa ikweta hatuna haja nayo.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,840. Kwenye ramani ya ukutani nilidhani tungepita Kameruni na Burkina Faso, lakini nilipovuta uzi juu ya tufe la mwanangu, ukapita Sudan Kusini, Chad, jangwa la Aljeria na Moroko, kisha ukakata Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda kuelekea kaskazini. Rubani naye haufuati uzi huo sawasawa, maana huchagua njia kwa kuangalia pepo.

Pepo hizo ndizo zinazofanya kwenda kuchukue kiasi cha saa 15 na kurudi kiasi cha saa 14. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa kwenda tulipambana nao, wakati wa kurudi ukatusukuma. Tena, kwa kuwa tulikwenda magharibi, jua lilikuwa likitufuata nyuma na sisi tunalikimbia, ndiyo maana usiku ulirefuka hivyo. Nilifungua kidirisha mara nne kutafuta weupe wa alfajiri, nikaona giza tu na taa ya bawa.

Nilipompigia Mama simu kumwamkia, alikuwa ametoka kusali alasiri, nami sijanywa hata chai ya asubuhi. Nilimweleza habari ya jua na upepo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Na alfajiri yako, mwanangu, uliisali wapi?" Nikamjibu kwamba niliisali kwenye kona ya JFK, uwanja wa ndege wa New York, nyuma ya begi langu, dakika chache kabla jua halijachomoza.