Mng'ao wa nywele huanzia kwenye taulo

Nywele hung'aa pale magamba madogo mno yanayozifunika yanapolala bapa. Ukizisugua kwa taulo baada ya kuosha, magamba huinuka, nywele zikapauka na kushikana. Zikamue taratibu kwa fulana kuukuu ya pamba. Nywele zilizolowa huvutika na kukatika upesi, kwa hiyo zichane kondishena ikiwa bado imo, kwa chanuo lenye meno yaliyoachana, ukianzia nchani kupanda juu. Ukianzia kwenye mizizi unasukuma mafundo yote chini, na hapo ndipo utasikia ule mlio wa kukatika.

Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa. Povu linaloteremka unaposuuza linatosha ncha. Mafuta? Matone machache tu, nywele zikiwa na unyevu. Ncha zilizopasuka haziungiki tena, zikate.