Picha ya Kongwa: ndewe za babu na vumbi la mtoto

Jumamosi ya kwanza

Leo nimerudi kutoka Mvumi na kopo la biskuti mapajani, safari nzima nimelikumbatia kama mayai. Ndani mna picha moja, sentimita 9 kwa 14, rangi ya chai ya maziwa. Ukiisogeza dirishani unaona vivuli vitatu: mwanamume amesimama, mwanamke amekaa, mtoto kaegemea magoti. Mwanamume ni baba yake bibi. Alikwenda Kongwa kufyeka vichaka kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, na huko ndiko bibi anakosema ilipigwa.

Weusi wa picha za zamani ni chembe za fedha. Picha ikishasafishwa hutakiwa kusuuzwa kwa maji mengi, maana ile dawa ya mwisho ikibaki kwenye karatasi, salfa yake inaila fedha pole pole, weusi unageuka manjano. Nadhani ndicho kilichoipata hii. Sitamlaumu aliyeisafisha, maji Kongwa tangu hapo ni shida.

Nimepangusa vumbi jekundu kwa brashi laini kavu. Basi. Kijana wa steshenari alitaka kuipitishia kitambaa kibichi, nikamshika mkono kabla hajaharibu. Akaniskania nukta 1200 kwa inchi, biti 16, faili la TIFF. Limetoka na karibu megabaiti 170, na kompyuta yangu ilipolifungua ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Jumatano usiku

Kwa nini biti 16 na siyo 8? Biti 8 inakupa ngazi 256 toka nyeusi hadi nyeupe. Picha iliyofifia haizitumii zote. Hii yangu imejibana kwenye kama 60 tu. Ukizivuta zienee, mashavu yanakuwa na mistari mistari kama matuta ya viazi. Kwa biti 16 ngazi ni 65,536, unavuta bila kuona matuta.

Nimeigawa kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, iwe chaneli tatu, yaani kila rangi ya mwanga peke yake. Nyekundu: ukuta mtupu, watu hawapo kabisa. Kijani: ukungu. Bluu ndiyo iliyonifanya niite watu waje waone. Fedha iliyoliwa inakuwa ya manjano, na manjano hunyonya mwanga wa bluu, kwa hiyo humo ndimo picha ilimojificha. Shati la babu lina mistari! Kiti cha mama kina kamba zilizosukwa, nimezihesabu.

Ubaya ni kwamba doa la chai kwenye kona, nalo la manjano, kwenye bluu linakuwa jeusi tii. Kona ile nimeichukua kwenye kijani, nikaiunga taratibu kwa brashi ya ukingo laini. Umeme ukakatika nikiwa katikati. Sikuwa nimehifadhi. Nimelala.

Jumapili

Uvivu ulinishika nikaipeleka picha kwenye programu moja ya akili mnemba. Sekunde chache tu, babu akatoka anang'aa, kope moja moja zinahesabika. Nikaituma kwenye simu ya binamu yangu aliyeko Mvumi. Baada ya nusu saa ikaja sauti ya bibi:

"Mume wangu, huyo ni nani? Baba yangu alikuwa na masikio."

Nikarudi kuangalia. Babu alikuwa ametoga ndewe kama Wagogo wa rika lake, na zilikuwa zimevutwa mpaka zinaning'inia karibu na taya. Programu imeona kitu kirefu chenye tundu pembeni ya uso, ikakiziba na kukikata. Imempa sikio dogo la mviringo, zuri tu, la mtu mwingine. Nimeifuta. Ndewe nimezirudisha kwenye bluu kwa mkono, saa mbili kwa sikio moja, na tundu nimeliacha lionyeshe ukuta wa nyuma yake.

Ijumaa

Mgongo wa picha una maandishi yaliyokufa. Nikakumbuka DStretch, programu ya Jon Harman ambayo watu wa michoro ya mapangoni huitumia kuibua rangi ambazo jicho halizioni tena, michoro kama ile yetu ya Kolo, Kondoa. Inazivuta rangi zinazokaribiana zikaachana. Nimeijaribu kwenye wino: "Kongwa" imesomeka vizuri, inafuata "19", kisha kitu kama 5 au 4. Mradi wenyewe ulitangazwa kufa Januari 1951, kwa hiyo tumekaribia.

Jumamosi, Mvumi

Nimechapisha nakala ya A4 nikampelekea bibi mwenyewe. Shikamoo, marahaba, akaishika kwa mikono miwili. Masikio ameyakubali, ameyapitisha kidole bila kusema kitu. Halafu kidole kikashuka kwa mtoto, kikasimama shingoni.

"Na dada yangu umemvua shanga kwa nini?"

Shanga zipi? "Nyeupe. Alipokua zikaja kwangu, nimezivaa mpaka uzi ukakatika."

Nikanyamaza. Wiki iliyopita nilisafisha vumbi, nukta nyeupe nikizigusa moja moja zikifutika, kazi ya kupendeza, huku nikiisema akili mnemba moyoni.

Bahati usafi wote niliuweka kwenye tabaka lake peke yake, juu ya picha bila kuigusa yenyewe. Nimefungua kompyuta palepale juu ya mkeka, nikalizima hilo tabaka, nikakuza shingo. Nukta 11 zimerudi. Tisa zimepangana kwa upinde. Mbili zimekaa ovyo juu ya bega, na bibi amevaa miwani, anataka nimwonyeshe nazo hizo kabla sijazigusa.