Mchukua Silaha wa Angani

Somo: 1 Samweli 14:1–17

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu. Katika sura hii Yonathani, mwana wa Sauli, anaiendea ngome ya Wafilisti akiwa na mtu mmoja tu, kijana aliyemchukulia silaha, ambaye Maandiko hayamtaji jina. Kijana huyo anamwambia bwana wake afanye yote yaliyo moyoni mwake, kwa maana yeye yuko pamoja naye. Kisha wanapanda jabali kwa mikono na miguu, Yonathani akitangulia, na Wafilisti wanaoanguka mbele ya Yonathani wanamaliziwa na kijana anayemfuata nyuma. Mahubiri mengi hukaa kwa Yonathani. Wiki hii natamani tukae kwa kijana yule, na ili tumwone vizuri naomba tumtazame mwenzake wa karne ya ishirini, aliyefanya kazi hiyo hiyo katika anga la mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Miongoni mwa ndege za kivita za Waingereza wakati ule ilikuwamo aina iliyoitwa F.E.2, ambayo injini na propela yake vilikuwa nyuma ya rubani, kwa sababu ilipobuniwa Waingereza walikuwa hawajapata mtambo wa kuiwezesha bunduki kupiga katikati ya propela inayozunguka bila kuivunja. Mbele kabisa, puani mwa ndege, alikaa mtazamaji, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleleza, kupiga picha za maeneo ya adui, na kupigana kwa bunduki za rashasha aina ya Lewis. Adui alipotokea nyuma, mtazamaji alilazimika kusimama juu ya kiti chake, kiwiliwili chote kikiwa nje kwenye upepo, bila mkanda wala mwavuli wa kujiokolea, na kupiga kuelekea nyuma, juu ya kichwa cha rubani na juu ya bawa. Rubani alipoigeuza ndege ghafla, mtu huyu hakuwa na cha kushikilia ila bunduki yenyewe. Wengi wao walitoka katika vikosi vya askari wa miguu na vya mizinga, na sehemu kubwa ya ufundi wao waliipata huko huko hewani. Beji ya rubani ilikuwa na mabawa mawili, ya mtazamaji ilikuwa na bawa moja.

Tarehe 7 Januari 1917, Luteni W. E. Gower alikuwa mtazamaji katika ndege ya aina hiyo ya Kikosi cha 20, iliyorushwa na Sajenti Thomas Mottershead. Angalieni vyeo: mpiga bunduki alikuwa afisa, na rubani, ambaye maisha ya wote wawili yalikuwa mikononi mwake, alikuwa sajenti aliyeingia jeshini kama fundi. Wakiwa futi 9,000 juu ya eneo la Ploegsteert, nchini Ubelgiji, walishambuliwa na ndege za Wajerumani, risasi zikatoboa tanki la petroli, na moto ukamzingira rubani. Gower aliiacha bunduki, akageuka nyuma kuuelekea moto, akaanza kummwagia mwenzake dawa kutoka katika mtungi mdogo wa kuzimia moto. Hakufaulu kuuzima. Taarifa rasmi ya nishani aliyotunukiwa Mottershead inasema hivyo waziwazi, na mimi naishukuru kwa ukweli wake. Mottershead, akiwa anaungua, aliifikisha ndege upande wa wenzao na akachagua kwa uangalifu mahali pa kutua, lakini ilipogusa ardhi ilivunjika ikamnasa chini yake. Gower aliokoka. Mottershead alifariki siku tano baadaye, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na Gower akapewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Anayesimulia tukio hili kanisani atakimbilia Yohana 15:13, kwamba hakuna upendo mkuu kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na ana haki. Lakini mtazameni pia Gower, ambaye kazi aliyoifanya kwa mikono yake haikuleta matokeo aliyoyataka, na bado hatuwezi kusema kwamba ilikuwa bure. Katika mteremko ule mrefu, mtu anayeungua alikuwa na mwenzake aliyemgeukia uso kwa uso, na ambaye hakuacha kumhudumia kwa kidogo alichokuwa nacho. Kisha Gower akapaswa kuishi akijua kwamba yu hai kwa sababu mwingine alikubali kubaki motoni, na sisi tunaokula mkate na kunywa kikombe cha Bwana hatuwezi kujifanya wageni wa hali hiyo.

Sisemi kwamba vita ni ibada. Walioangushwa na watazamaji hawa nao walikuwa na mama zao, na Wafilisti wapatao ishirini waliokufa kwenye jabali lile walikuwa watu. Ninachokitafuta hapa ni moyo wa kusimama nyuma ya mwingine, ambao huonekana hata pale ambapo hakuna risasi ya kupigwa. Huku kwetu, tarehe 11 Julai 1915, rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold waliruka kutoka kisiwa cha Mafia kwenda juu ya delta ya Rufiji, ilikojificha meli ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Kazi ya Arnold ilikuwa kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Uingereza kwa mawasiliano ya redio. Ndege yao ilipigwa, injini ikafa, nao wakaanza kushuka, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wakianguka, hadi walipotumbukia mtoni na kuokolewa wakiwa hai.

Katika kila usharika wako watu wa namna hii. Yuko mama anayekaa na mgonjwa ambaye madaktari wamekwisha kusema hatapona, akimgeuza kitandani na kumlowesha midomo. Yuko mtunza hazina ambaye husikika jina lake siku hesabu zinapokosewa tu. Yuko mzee wa kanisa anayemwombea mchungaji wake usiku, na ambaye mchungaji mwenyewe hana habari naye. Tumezoea kuwashukuru kwa jumla mwishoni mwa ibada, watu wakiwa wamekwisha kuinuka kwenye viti, na kwa maoni yangu hiyo si shukrani.

Nawaomba wiki hii msome somo letu nyumbani bila kuishia mstari wa 14, ambapo wasomaji wengi huliacha. Katika mstari wa 17 Sauli anaagiza watu wahesabiwe ili ajue ni nani aliyeondoka, na hesabu inaonyesha kwamba wasiokuwapo ni Yonathani na mchukua silaha wake, wote wawili. Mkimaliza kusoma, mtajeni kwa jina, katika sala ya nyumbani, mtu mmoja anayewafuata nyuma, kisha kabla ya Jumapili mwendeeni mkamwambie kwamba mmemwombea.