Kitabu chetu kiliishia mahakamani

Jana usiku nimeangalia tena ile filamu ya 2004 ya Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare, iliyoongozwa na Michael Radford, Al Pacino akiwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu magharibi, umeme ulikatika mara mbili, na kwenye kochi nilikuwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu aliyekuja likizo.

"Mjomba, ya mapigano hiyo?"

Nikamwambia kuna kisu. Akakaa.

Mimi mchezo huu niliusoma kidato cha tano, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Nakala zilikuwa sita darasa zima, na iliyoangukia dawati letu ilikuwa imenyofolewa kurasa za mwisho. Nadhani kuna mtu alifungia karanga. Kwa hiyo kwetu sisi watano mchezo uliishia mahakamani: Shylock anasema hajisikii vizuri, anaomba hati ipelekwe nyumbani akaitie sahihi, anatoka. Basi. Tulipomuuliza mwalimu huko mbele kuna nini, alijibu huku akifuta ubao, "Kuna mambo ya pete. Hayatoki kwenye mtihani."

Nimeishi na mwisho huo miaka mingi. Binti ametoroka, mali imegawanywa, dini anaambiwa abadili, na mzee anatafuta mlango ulipo. Baadaye nilipopata kitabu kizima nikakuta kumbe kuna sehemu ya tano nzima, ina mbalamwezi na muziki, wapenzi wanataniana, waume wanagombezwa kwa kugawa pete walizoapa kutozivua. Nilikasirika, sisemi uongo. Niliona kama watu wanaoleta pilau kabla matanga hayajaanuliwa.

Turudi kochini. Filamu inaanza darajani, pale Rialto, mfanyabiashara Antonio anamtemea mate Shylock usoni. Kwenye kitabu mate hayo yanatajwa tu. Shylock ndiye anayemkumbusha Antonio siku anapokuja kukopa. Darasani tuliyapita kama tunavyopita nukta. Ila ukishayaona yakitiririka kwenye ndevu za mtu mzima, zile dukati 3,000, sarafu za Venisi anazokuja kukopa Antonio, zinabadilika sura.

Mpwa wangu alisikiliza masharti, miezi mitatu, ukishindwa nakata ratili ya nyama yako, akageuka kunitazama: "Mjomba, hii si ndiyo mikopo ya kausha damu?"

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Sijui kama anajua alichokisema, maana kesi nzima ya Portia, mke wa Bassanio rafiki wa Antonio, anayejifanya mwanasheria mahakamani, imesimama hapo hapo: nyama ni haki yako, kata, lakini hati haikutaja damu, na ikidondoka hata tone moja umekwisha. Nikamweleza pia kwamba mkopo huu Shylock hakuutoza riba hata senti. Hilo lilimshangaza kuliko kisu.

Neno mabepari lenyewe nimelifikiria sana. Shakespeare aliandika jina la mtu mmoja, mfanyabiashara, naye ni Antonio. Mwalimu Nyerere akatia wingi. Tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na darasani kwetu insha zote zilikuwa za ubaya wa ubepari, maana yake tulimhukumu Shylock mara ya pili. Lakini bepari, neno lililokuja na wachuuzi wa Kihindi, zamani lilikuwa mfanyabiashara tu, bila tusi ndani yake. Na wingi ule, nikiutazama leo, haumwachi mtu. Antonio ana merikebu zake, Shylock ana fedha zake, na Bassanio anaenda kuposa akiwa na madeni shingoni, akisifia mali ya mchumba kabla hajasifia uso. Mimi nasema hakuna aliyeusoma mchezo huu vizuri kuliko aliyeongeza herufi hizo mbili.

Juliasi Kaizari, mchezo mwingine wa Shakespeare, naye tulimsoma, na hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti ya Kaizari niliikariri yote. Niliisema mbele ya darasa nikiwa nimejifunga shuka la bwenini. Niliamini ni hotuba ya msiba. Halafu nikaona filamu ya 1953, Marlon Brando: katikati ya hotuba anawapa watu mgongo kama mtu aliyezidiwa na kilio, na kamera inabaki usoni kwake. Halii. Anasikiliza nyuma yake wanasemaje. Karatasi haikuwahi kunionyesha hilo.

Na hapo kwenye miisho kuna jambo limekuwa likinikaa kichwani. Mwaka 1599 msafiri mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames akaona mchezo wa Kaizari London, akauandika kwenye kumbukumbu zake. Anasema ulipokwisha, waigizaji walicheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili kike, wakicheza vizuri ajabu. Kaizari amechomwa visu, Brutus amejiua, na watu wanarusha miguu kwa ngoma! Tangu nijue hilo hasira yangu kwa ile mbalamwezi imepungua. Labda hadhira ile haikutaka kurudi nyumbani na maiti kichwani.

Radford mwenyewe naona alishindwa kuiachia mbalamwezi neno la mwisho. Baada ya vicheko vyote anamrudisha Shylock, amesimama nje, mlango wa sinagogi unafungwa mbele yake. Kisha Jessica, binti aliyetoroka, yuko kando ya maji alfajiri, anatazama kidoleni. Ile pete ya feruzi ya mama yake, ambayo baba aliambiwa binti ameitoa apewe nyani, anayo bado. Hakuiuza.

Niliyaona hayo peke yangu. Mpwa wangu alikuwa amelala tangu Shylock alipotoka mahakamani, mdomo wazi, mguu mmoja chini. Nikamfunika kanga ya shangazi yake.

Asubuhi, chapati mkononi, ananiuliza: "Mjomba, yule mzee alipotoka ndiyo ikaisha?"

"Kuna mambo ya pete," nikamwambia.