Makumbusho wapo?

"Makumbusho wapo?"

"Wapo!"

Nimeyasikia maneno hayo ya konda na abiria wa daladala mara mbili kwa siku kwa miaka kumi na moja, nikienda kazini Tegeta na nikirudi. Watu wanashuka, wanawahi stendi kuunganisha gari, mimi nabaki kwenye kiti. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, ambacho ndicho kilichokipa kituo jina, kipo pale kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960. Sikuwahi kukanyaga.

Aliyenipeleka ni mama. Alikuja mwezi uliopita, akapanda treni ya SGR Dodoma, na hadi leo anasimulia mahandaki ya Kilosa. Nikamuuliza anataka kuona nini Dar. Nilidhani atasema bahari. Akasema, "Makumbusho. Kila nikikupigia unaniambia uko Makumbusho, foleni. Nikapaone."

Tulitoka Jumamosi saa nne, makusudi, maana Kimara Mwisho asubuhi ya siku ya kazi si pa kumpitisha mtu mzima wa umri wake. Basi la mwendokasi la kwenda kituo cha Morocco lilikuwa na nafasi. Mama alikaa dirishani akisoma majina ya vituo kwa sauti: Baruti, Kibo, Shekilango, Manzese. Tulipofika Argentina akaniuliza hao wa Argentina walihamia lini. Morocco tukavuka, tukapanda daladala ya Mwenge. Konda alipomwona akagonga bodi, akamwambia dereva: "Suka, tulia, kuna mama hapa!" Kijana mmoja akampisha kiti bila kuambiwa. Kwa jambo hilo naipenda daladala.

Kiingilio kwa Mtanzania ni nafuu. Ndani kuna miti mingi na kivuli, na nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia ukiinama. Msonge wa Wahaya ulinisimamisha: nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, huoni ukuta. Nyingine tulizipita upesi, kwa sababu mama alikuwa ameshaliona tembe la Wagogo.

Hakusoma bango. Alisimama mlangoni akasema, "Mbukwenyi," kama anavyobisha hodi kwao. Tulikuwa sisi wawili na kijana anayetembeza wageni. Hakuna aliyeitikia, akaingia.

Nadhani tulikaa mle nusu saa. Alishika nguzo, akainua mkono kugusa paa. Paa la tembe ni bapa: nguzo, boriti, fito zilizobanana, kisha udongo. Nyumba ni fupi, akasema, kwa sababu ya upepo wa kwetu. Juu walianika mtama. Ndama na mbuzi walilala ndani, na usiku wa baridi watoto waligombania upande wao. Akatuonyesha kona ambayo kwao lilikaa jiwe la bibi la kusagia. Yule kijana alitoa daftari.

"Bibi, udongo wa juu mliuchota wapi?"

"Kwenye kichuguu. Mwingine unavuja."

Akaandika. Bango lina mistari michache, na mistari hiyo inafaa, lakini natamani pale mlangoni pangekuwa na sauti ya mtu aliyelala humo. Wapo bado. Wengine wanakaa Kimara kwa watoto wao, wanaangalia tamthilia.

Nikamuuliza waliliacha lini la kwao. Ilikuwa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Hilo nilishalijua kwa juu juu, kutoka vitabu vya shule. Nisilolijua ni kwamba babu hakuondoka mikono mitupu. Alilibomoa paa kwa siku mbili, akang'oa boriti moja moja, akazifunga kwenye punda, kwa sababu mti mnyoofu wa namna ile haukupatikana tena karibu.

Hayo aliniambia tukiwa tumeshapanda gari la kurudi, konda anaita Morocco, na nilikuwa nimeinamisha sikio nisikie.

"Zikaenda wapi, mama?"

"Nyingi zililiwa na mchwa. Moja ipo. Si ile nyeusi ya jikoni, ninayoning'inizia ungo?"

Nimekula chini ya boriti ile tangu nikiwa mtoto.