Kilo 68 zilizotudanganya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa muuguzi katika chumba cha kusafisha damu, yaani dializi, hapa Lubumbashi, na hakuna jambo lililonisumbua kuliko uzito mkavu, yaani ule uzito ambao mgonjwa wa figo anapaswa kuondoka nao baada ya kikao, akiwa hana maji ya ziada wala hajakaushwa kupita kiasi. Tulikuwa tukiukadiria kwa kubonyeza miguu, kusikiliza mapafu, kupima presha na kumwuliza mgonjwa kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi. Njia hizo sijaziacha, ila mzee mmoja, mstaafu wa reli, alinionyesha zinakoishia.

Uzito mkavu wake ulikuwa umeandikwa kilo 68 kwa miezi mingi. Mwezi wa Agosti aliugua homa ya matumbo, na kwa majuma kadhaa bukari, ugali wetu, ilimshinda. Alipopona, mizani ilisoma vilevile kama zamani: anakuja na kilo 70.5, anaondoka na 68. Hata hivyo presha ilikataa kushuka hadi akaongezewa dawa ya tatu, na usiku alikuwa akikohoa. Kwa kuwa miguu haikuvimba sana, hakuna aliyeshtuka, mpaka siku nilipomwona akifunga mshipi.

“Papa, mshipi huo umeupunguza lini?”

“Mwanangu, nimetoboa tundu lingine kwa msumari.”

Hapo ndipo nilipoomba apimwe kwa kifaa cha bioimpedansi, ambacho tulikuwa tumekipata karibuni na wengi wetu tulikuwa bado tunakiogopa. Kifaa hicho hupitisha mwilini umeme mdogo mno, usiofika miliampea moja na usiosikika hata kidogo, kwa masafa 50 kuanzia kilohezi 5 hadi 1000. Umeme wa masafa ya chini hauwezi kupenya ukuta wa seli, kwa hiyo hupita katika maji yaliyo nje yake. Ule wa masafa ya juu hupita nje na ndani. Kutokana na tofauti hiyo, pamoja na urefu na uzito wa mgonjwa, kifaa hukadiria ni lita ngapi zimezidi.

Kipimo cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilibandika elektrodi, vile vibandiko vya kupitishia umeme, mbili za mkononi karibu mno, juu ya ngozi iliyopakwa mafuta, na mgonjwa alikuwa ndiyo kwanza amepanda kitandani. Kikao kilichofuata nilimfuta ngozi, nikamlaza chali kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza dializi, nikabandika mbili mkononi na mbili mguuni, upande usio na fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili kuchomwa sindano za dializi. Kifaa kikaonyesha lita 5.9 za ziada.

Hesabu yake ilinitia aibu. Ukitoa 5.9 kwenye 70.5 unapata 64.6, maana yake ni kwamba kila tulipomwandikia “amefika uzito mkavu” alikuwa anarudi nyumbani na zaidi ya lita tatu. Nyama ilikuwa imepungua mwilini, maji yakachukua nafasi yake, na mizani haina uwezo wa kutofautisha.

Kuyatoa yote kwa mara moja kungemwangusha. Sisi hatupendi kuvuka mililita 13 kwa kila kilo kwa saa, ambazo kwa mtu wa kilo 68 ni takriban lita tatu na nusu katika kikao cha saa nne, nazo lita 2.5 tayari ni za maji anayokuja nayo. Tulikubaliana na daktari kushusha gramu 300 kila kikao, na kwa kuwa mzee aliweza kulipia vikao viwili tu kwa wiki, kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwezi. Nyumbani tulipigania chumvi kuliko maji, kwa sababu kumkataza mtu kunywa katika joto la Oktoba huku anakula makayabu, samaki wa chumvi, ni kumtesa bure. Na makayabu, hata ukiyaloweka usiku kucha, bado yana chumvi.

Hatukufika 64.6. Kwenye kilo 65 misuli ya miguu ilimkaza vibaya, tukarudi 65.2 na kubaki hapo. Kikohozi kiliisha, na dawa ya tatu ikaondolewa.

Baadaye kifaa kilitusaidia kwa upande wa pili: mama mmoja aliyekuwa akizimia karibu kila mwisho wa kikao alionekana hana maji ya ziada hata kidogo. Alikuwa amenenepa, nasi tulikuwa tunamkausha; tukampandishia uzito mkavu. Lakini simpimi mwenye betri ya moyo, na mgonjwa mwenye maji tumboni siamini namba yake, kwa kuwa maji ya humo kifaa hakiyaoni vizuri.

Elektrodi ni ghali na hutumika mara moja, kwa hiyo hatumpimi kila mtu kila wiki. Anayetoka kulazwa hupimwa kwanza, na siku hizi kwenye daftari, kando ya safu ya uzito, nimeongeza safu ya tundu la mshipi.