Kabla hujaandika "Iringa yaongoza kwa udumavu"

Sentensi ikienda dawatini kwa mhariri inasomeka hivi: "Watoto wengi mkoani Iringa wamedumaa kwa kukosa chakula." Ikirudi inasomeka: "Kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, 57 ni wafupi kuliko umri wao, wastani wa taifa ni 30." Maneno "kwa kukosa chakula" yamekatwa, na pembeni mhariri kauliza: nani kasema? Si ndiko mahindi yanakotoka?

Wahariri wa aina hiyo majina yao hayatokei kwenye habari, kwa hiyo acha niwashukuru kwa kueleza kazi yao. Karibu kila ninachokifanya ninapoandika takwimu za afya za mikoa kilianza kama swali la mhariri.

Takwimu hizo zinatoka kwenye Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022. Usiishie kwenye muhtasari. Nenda kwenye jedwali la lishe, shuka hadi safu za mikoa, kisha fungua viambatisho vya mwisho penye makosa ya sampuli, yaani kiasi ambacho takwimu inaweza kupotoka kwa kuwa wamepimwa baadhi tu. Utafiti ule ulifikia kaya 15,705 katika mikoa 31, yaani kama kaya 500 kwa mkoa, na si kila kaya ina mtoto mdogo. Kwa sampuli hiyo, Njombe na Rukwa, zote zikiwa karibu na 50%, huwezi kuzipanga nani wa pili na nani wa tatu.

Mwaka 2015-16 aliyekuwa juu ni Rukwa, 56%, na Iringa ilikuwa 42%. Mwenye haraka ataandika Rukwa imefaulu na Iringa imeporomoka. Mhariri makini atakuachia kile tu ambacho takwimu zinakibeba: Iringa, Njombe na Rukwa zote zilikuwa juu ya wastani wa taifa mara zote mbili, na mwaka 2022 pengo ni kubwa kiasi kwamba kosa la sampuli haliwezi kulifuta. Na ukiandika "udumavu Iringa waongezeka kwa 15%", anakata. Kutoka 42 hadi 57 ni pointi 15. Kwa asilimia ni zaidi ya theluthi.

Angalia na mipaka. Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayelinganisha Iringa ya 2010 na ya leo analinganisha maeneo mawili tofauti.

Kisha kuna suala la picha, na hapa ndipo vyumba vingi vya habari vinapojikwaa. Udumavu ni urefu kwa umri. Ukondefu ni uzito kwa urefu. Habari ni ya udumavu, picha inayowekwa ni ya mtoto mwenye mbavu nje. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu kabisa. Akiwa peke yake humtambui mpaka asimame na wa umri wake, na kijijini wenzake nao wamedumaa. Ndiyo maana mama akiambiwa mwanawe amedumaa anashangaa. Ukienda kuona upimaji, tazama ubao: wa chini ya miaka miwili hulazwa, aliyezidi hapo husimama. Akisimamishwa anayepaswa kulala, kipimo kinapungua kama sentimita 0.7. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye kadi ya kliniki; ya kukisia, ikikosewa miezi miwili mitatu, inamtoa mtoto kundi moja hadi jingine.

Sasa lile swali la pembeni. Ghala likiwa limejaa, uliza mtoto alikula nini jana, mara ngapi, na nani alimlisha. Mwongozo ni huu: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita; miezi 6 hadi 8, milo miwili mpaka mitatu kwa siku; miezi 9 hadi 23, mitatu mpaka minne; na kuanzia miezi 6, angalau makundi matano ya chakula kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa mojawapo. Uji wa mahindi matupu ni kundi moja, hata ukiwa mzito. Msimu wa kupalilia, mama akiwa shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa dada yake wa miaka minane, hesabu ya milo inakatika hapo. Hii ndiyo habari, na haimo kwenye jedwali.

Kwa takwimu zinazokusanywa na vituo vya afya vyenyewe, kwenye mfumo uitwao MTUHA, mhariri wangu husimama kwenye chanjo zinazovuka 100%. Mara nyingi tatizo ni kigawanyo: idadi ya watoto imekisiwa kutoka sensa ya zamani, au wa wilaya jirani wanachanjwa hapo. Vifo vya uzazi usivitafutie mkoa kwenye utafiti ule wa 2022. 104 kwa kila vizazi hai 100,000 ni ya taifa zima, maana vifo vilivyonaswa kwenye sampuli ni vichache mno kugawanywa kwa mikoa.

Mwisho kabisa anauliza: ni watoto wangapi? Sensa ya 2022 iliikuta Njombe na watu wasiofika 900,000, Dar es Salaam zaidi ya milioni 5.3. Asilimia ndogo ya Dar inaweza kuwa na watoto wengi kuliko asilimia kubwa ya Njombe. Hesabu zote mbili zinakaa aya moja, la sivyo habari inarudi.